Chakula cha Marehemu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui tena kila mvua inapotaka kunyesha. Baba hajambo? Bado anasoma gazeti kwa sauti mpaka jirani anajua bei ya saruji? Na wanao je, yule mkubwa ameacha kumficha mdogo wake viatu? Nawakumbuka nyote, tena sana. Mimi sijambo. Neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika, na ukiendelea kusoma utaelewa kwa nini.

Najua umekasirika. Ulipiga simu, ikapokelewa na shemeji yako, ukaambiwa nimelala. Ukapiga tena, ukaambiwa niko bafuni. Ukapiga siku ya kuzaliwa ya mwanao, ukaambiwa kichwa kinaniuma, nitakupigia. Sikukupigia. Wewe ndiye uliyenibatiza Chiriku kwa sababu nilikuwa sifungi mdomo hata nikiwa na homa, kwa hiyo najua kimya changu kilikuuma. Niwie radhi. Lakini kabla hujanigombeza, tafuta mahali ukae peke yako, ufunge mlango, usome mpaka mwisho. Baba asiione barua hii kabla yako, maana baba anampenda sana shemeji yako.

Na nani asingempenda? Unakumbuka alivyokuja ile wiki ya kupima macho, na koti lake jeupe, akamkalisha baba kwenye kiti kama anamkalisha mfalme. Akambadilishia vioo kimoja kimoja, akiuliza kwa ile sauti yake ya chini, hiki au hiki, hiki au hiki, mpaka baba akasoma herufi za mstari wa mwisho na machozi yakamtoka. Mtu aliyemrudishia baba gazeti lake angeomba nyumba angepewa. Yeye aliniomba mimi. Alitueleza wazi kwamba aliwahi kuoa, kwamba mkewe aliugua akafariki na kuzikwa kwao. Tulimhurumia, na mimi nilimhurumia kuliko wote.

Nyumba yake ni nzuri, sitasema uongo. Sakafu inang'aa, mapazia yananing'inia sawasawa, na jikoni kuna oveni kubwa na visu vilivyopangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa. Jumapili yangu ya kwanza kule alinishika bega taratibu, akaniingiza jikoni, akasema kuna chakula kimoja tu anachokitamani duniani, ambacho marehemu alikuwa akimpikia kila Jumapili. Nikiweza kujifunza chakula hicho, alisema, nyumba hii itakuwa nyumba tena.

Chenyewe ni vibonge vya nyama ya bata mzinga iliyosagwa, vinavyookwa badala ya kukaangwa, kisha vinamwagiwa sosi ya teriyaki, ile sosi nyeusi ya Kijapani yenye utamu na chumvi kwa pamoja. Na sosi iwe imepikwa hapo hapo nyumbani. Ya chupa hataki kuiona. Nikacheka, nikamwambia kwetu mimi nikikaanga yai dada yangu husimama mlangoni na ndoo ya maji. Alitabasamu, akachukua aproni ukutani, akanifunga. Ilinikaa vizuri sana. Ndipo akaniambia ilikuwa ya marehemu.

Nisikuchoshe na masomo ya jikoni, lakini lazima ujue kidogo. Nyama ya bata mzinga haina mafuta, kwa hiyo ukiichezea ovyo inakuwa kama kifutio cha penseli. Unalowanisha chenga za mkate kwa maziwa, unachanganya na nyama, yai, kitunguu majani, tangawizi na kitunguu saumu kilichosagwa. Unalowesha viganja ndipo uviringe, bila kukandamiza. Vikiwa kwenye oveni, unachemsha sosi ya soya, sukari ya kahawia, asali kidogo na siki ya mchele. Wanga wa mahindi unaukoroga kwanza kwenye maji baridi. Mimi mara ya kwanza niliutia mkavu ndani ya sufuria inayochemka, ukawa madonge kama uji wa mgonjwa. Sosi ikianza kung'aa na kushika mgongo wa kijiko, unaimwaga juu ya vibonge, unarudisha trei ndani mpaka vipate rangi, unanyunyiza ufuta.

Nilipenda kujifunza, dada. Niliona fahari. Nilipomwekea sahani yangu ya kwanza isiyokuwa na aibu, alikata kibonge kimoja katikati, akakitazama ndani, akatafuna akiwa amefumba macho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Bado."

Jumapili iliyofuata, bado. Nikipunguza sukari, bado. Nikiongeza tangawizi, bado. Nilimwomba aniambie kinachokosekana, akajibu kwamba kikija nitakijua mwenyewe, kama marehemu alivyokijua. Hakuwahi kupaza sauti. Angekuwa mkali ningemjibu. Unanijua mdomo wangu. Lakini mtu anayesikitika mbele ya sahani yako bila kukulaumu, utamjibu nini? Nikawa nalala nikiiwaza sosi na kuamka nikiiwaza.

Na wakati mimi nahangaika na sufuria, mambo mengine yalikuwa yanaingia kidogo kidogo kama unyevu ukutani. Alisema marehemu alikuwa akikata nywele fupi kwa sababu ya usafi wa jikoni, nikakata. Alisema marehemu hakupenda kelele za redio; redio ikapanda juu ya kabati. Marehemu hakuwa mtu wa kutoka peke yake. Marehemu hakuwa mtu wa simu. Simu yangu iliharibika kioo, akaichukua kwenda kuitengenezesha kwa fundi, na kila nilipouliza fundi alikuwa anasubiri kifaa. Kumbe ilikuwa mfukoni mwake, na ndiyo uliyokuwa ukiipigia.

Siku moja, katika kuhangaika kwangu, nilikuwa nakula chungwa nikiwa nakoroga sosi, harufu ya ganda ikanijia vidoleni. Nikakwaruza ganda kidogo, nikatia. Tu. Shemeji yako alikuwa bado hajaketi. Alikuwa anatundika koti lake kwenye korido. Nilisikia hanga likianguka. Akaja mpaka mlangoni, akasimama ananusa. Akaketi, akala kibonge cha kwanza, cha pili, akaweka uma chini, na machozi yakamtiririka bila uso wake kubadilika hata kidogo. Akaushika mkono wangu, akaniita kwa jina jingine. Lilikuwa jina la mwanamke. Nilipomuuliza, alisema ndilo jina la marehemu, ulimi umeteleza.

Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu.

Nilidhani nikishafika pale ataridhika. Kumbe nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Wiki ile ile alinipeleka kwenye duka lake la miwani baada ya wateja kuondoka, akanikalisha kwenye kiti kama kile cha mfalme, akaanza, hiki au hiki, hiki au hiki. Nilimwambia vyote naviona sawa. Akatikisa kichwa, akasema macho yangu yamechoka na sijui tu kwamba yamechoka. Akatoa kwenye droo miwani yenye fremu ya rangi ya damu ya mzee, imeshatengenezwa tayari, akanivalisha.

Sijui nikuelezeje. Sakafu iliniinukia. Ukuta ulipinda. Ngazi nilikuwa nashuka kwa kukaa, kama mtoto. Alisema nitazoea, na kwamba nikiivua hata kidogo nitapofuka mapema. Dada, yeye ndiye mtaalamu wa macho, mimi ni nani nibishe? Nikawa natembea nimeshika fanicha, kichwa kinagonga, na kwenda mpaka getini ilikuwa safari. Alikuwa ananishika mkono tukitoka, taratibu, kwa mapenzi, na majirani walikuwa wanatutazama.

Walichokuwa wanakiona nilikijua kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Siku moja nilikuwa naanika aproni, akaja kwenye uzio, akanishika vidole kupitia kwenye wavu.

"Pole, mwanangu. Mumeo ametueleza. Ugonjwa si aibu."

Nilimuuliza ugonjwa gani.

"Usijikaze mbele yangu," akasema. "Amesema ni ule ule uliomchukua wa kwanza. Maskini ya Mungu, mtu mmoja kupata msiba wa aina moja mara mbili!"

Nikarudi ndani. Shemeji yako alikuwa mezani anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka utepe mmoja mrefu. Nikamuuliza kwa nini watu wanaambiwa naumwa. Hakushtuka. Alisema watu wanapenda maneno, nisiwajali. Kisha akasema ameona nimechoka, na mwisho wa mwezi atanipeleka kupumzika kwenye nyumba fulani, mbali, pasipo na watu. Hakuna hata mtandao wa simu kule, akasema, akacheka kidogo. Nikala sahani yangu yote huku ananitazama. Sikuhisi ladha ya kitu.

Sasa sikiliza jinsi Mungu anavyofanya kazi zake. Nyama ya bata mzinga haipatikani kila mahali. Mjini huku ni muuza nyama mmoja tu anayeisaga, mtu mnene mwenye maneno mengi kama mimi wa zamani. Shemeji yako alikuwa ananipeleka kwa gari, anasubiri nje ya mlango injini ikiunguruma. Haingii, hapendi harufu ya damu. Siku hiyo muuza nyama alinitazama, akaitazama miwani yangu, akatabasamu.

"Nusura nikuite kwa jina la yule mwenzako," akasema. "Naye alikuwa hachukui kingine, bata mzinga tu. Na miwani ni hiyo hiyo! Siku hizi ameiacha, amependeza zaidi."

Nilimwambia bila shaka amechanganya, labda anamsema marehemu.

Kisu chake kikasimama juu ya ubao. "Marehemu yupi? Huyo mama alikuwa hapa juzi, amenunua mifupa ya supu."

Honi ikalia nje. Nikachukua mfuko wangu, nikatoka nikipapasa, nikaketi kwenye gari, nikafunga mkanda. Shemeji yako aliniuliza mbona nimechelewa. Nikamwambia foleni. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na nilishangaa jinsi ulivyotoka umenyooka.

Jumapili hiyo nilipika kama kawaida, na chungwa nikatia. Nilikuwa natazama viganja vyangu vinaviringa nyama, nikajiuliza, kama marehemu hakufa, mimi naandaliwa nini? Shemeji yako aliniambia sosi imetoka vizuri kuliko siku zote.

Tuliporudi kununua nyama, muuza nyama hakunisalimia kwa maneno yake ya kawaida. Alisema kwa sauti kubwa kwamba nyama iko kwenye friji la nyuma, mama uje uchague mwenyewe. Nikapita kwenye lile pazia la vipande vya plastiki, nikaingia kwenye baridi. Kati ya friji mbili alisimama mwanamke amevaa ovaroli ya buluu ya wafua nguo. Nilimwona amepinda kama kila kitu kilivyokuwa kimepinda. Hakusema hujambo. Alinyoosha mikono, akanivua miwani, akaelekeza kidole kwenye bango la ukuta wa mbali.

"Soma pale."

Lilikuwa bango la jinsi ya kunawa mikono. Nilisoma mstari wa kwanza, wa kati, na wa mwisho, ule wenye herufi ndogo kama mchwa.

"Macho yako hayana ugonjwa," akasema. "Hata yangu hayakuwa nao. Majirani ameshawaambia unaumwa?"

Nikasema ndiyo.

"Ameshakuambia mtakwenda kupumzika?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi usirudi kwenye gari, mdogo wangu. Mimi nilitoroka siku moja kabla ya safari hiyo. Sijui huko kuna nini na sitaki kujua. Twende."

Hapo ndipo yule muuza nyama alipofanya jambo ambalo nitamwombea dua kwalo maisha yangu yote. Alitoka nje na aproni yake yenye damu, akaenda mpaka kwenye dirisha la gari, akalivuta kope la jicho lake chini, akaanza kulalamika. Nilimsikia kupitia mlangoni akisema, daktari nisaidie, hili jicho linanitoa machozi kila nikikata nyama. Sauti ya shemeji yako ikamjibu kwa adabu ile ile kwamba kinacholiza watu ni kitunguu, si nyama. Ndiyo maana nina wasiwasi, daktari, hebu litazame vizuri. Unajua shemeji yako hawezi kumkatalia mtu mbele za watu. Akawa analitazama jicho la muuza nyama, na sisi tukatoka mlango wa nyuma, kati ya makreti, tukapita uchochoro wa mafundi viatu mpaka kwenye jengo la kufulia mashuka ya hoteli, ambako huyu mwenzangu anafanya kazi. Nilikuwa nakimbia, dada! Nilikuwa nimesahau kwamba miguu yangu inajua kukimbia.

Ninakuandikia chumbani kwake, juu ya mashine. Sakafu inatetemeka mchana kutwa na kila kitu kinanukia sabuni. Amenipa upande wa ukutani wa kitanda, na ananiita mdogo wangu kama vile ametoka tumbo moja na sisi. Siku za kwanza tulizungumza kidogo kidogo, kama watu wanaoshuka ngazi gizani.

Alinieleza kwamba muuza nyama ndiye aliyempasha habari zangu, kisha akanieleza alivyotoroka. Shemeji yako aliwaambia majirani kwamba mkewe amezidiwa, amechukuliwa na ndugu zake, kisha kwamba amefariki na amezikwa kwao. Watu wakamletea pole na sahani zilizofunikwa. Kwa ndugu zake akaenda na hadithi nyingine. Alikaa sebuleni kwao akilia, akawaambia binti yao amekimbia na mwanamume. Kaka zake wakaona aibu. Alipowapigia simu kuomba kurudi, hawakumpa hata nafasi ya kusema, walimkatia. Kwa hiyo kwa majirani alikuwa amekufa, na kwao alikuwa kama aliyekufa, na majirani na watu wa kwao hawakuwahi kukaa meza moja wakalinganisha.

Nilimuuliza aliwezaje kukaa mji ule ule bila kuonekana. Akaniambia aliwahi kukutana na shemeji yako uso kwa uso kwenye kivuko cha barabara. Yeye mwenyewe hakuwa na miwani tena, nywele zilikuwa zimeota. Alisimama akijua ndio mwisho wake. "Alinipita kama nguzo ya umeme," akasema. "Aliyekuwa akimtafuta siku zote hakuwa mimi."

Sikuyaelewa maneno hayo siku hiyo. Niliyaelewa jana, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jana alikuwa mnyonge, na mimi nilitaka kumshukuru. Nina nini cha kumpa? Nikamwambia nitamtafutia nyama ya bata mzinga, nimwokee kile chakula chake, angalau mara moja kipikwe kwa ajili ya mwenyewe. Alikuwa anakunja foronya. Aliiacha.

"Chakula changu?" akauliza. "Kwani ulifika kwenye chungwa?"

Nikamwambia ndiyo, nilifika mwenyewe, na nilidhani nimeigundua siri yake.

Akaketi kitandani. "Mimi si mwenye siri hiyo. Mimi nilikikuta chakula kile kama wewe ulivyokikuta. Alinifunga aproni, akaniambia marehemu mke wake alikuwa akikipika kila Jumapili. Nikawa naambiwa bado, bado, mpaka nikafika kwenye chungwa."

Nikamtajia lile jina ambalo shemeji yako aliniita akilia, lile ambalo hakuacha kuniita nalo. Nikamwambia, lakini hili si jina lako?

"Hapana," akasema. "Mimi pia aliniita hilo hilo."

Sisi wote wawili tuliambiwa tunafuata nyayo za marehemu. Mimi wangu nimemkuta, anakunja foronya. Lakini wake, mwenye aproni, mwenye jina, aliyetia ganda la chungwa bila kufundishwa na mtu, yuko wapi?

Hatukulilalia swali hilo. Mchana ule ule tulikwenda kituo cha polisi, tukaonana na afisa mmoja mwanamke, mtu mzima, asiyecheka ovyo. Mwanzoni nilimwona anatusikiliza kama anayesikiliza ugomvi wa wake wenza. Tulipofika kwenye zile hadithi mbili, ya majirani na ya ndugu, aliweka kikombe chake chini. Akauliza shemeji yako alikuwa na duka mji gani kabla ya huu, akapiga simu kituo cha huko, akatuambia tungoje. Leo asubuhi ametuita. Jina lile kule lipo. Majirani wa zamani wanamkumbuka vizuri, kijana wa watu, mpishi hodari, aliugua akaenda kufia kwao. Na wazazi wake wako hai, kijiji si mbali na mji huo. Wao wanasema mkwe wao alikuja akilia, akawaambia binti yao amekimbia na mwanamume. Wamemkasirikia binti huyo miaka yote hii, na tangu wakati huo hawajasikia sauti yake.

Hivyo dada, sasa sikiliza kwa makini. Shemeji yako anakuja kwenu. Pengine barua hii itamtangulia kwa siku moja tu, pengine atakuwa ameshakaa sebuleni. Muuza nyama ametuletea habari kwamba majirani wameshaambiwa nimezidiwa, na kwamba ndugu zangu wamenichukua. Kwenu atasema nimekimbia na mwanamume. Atalia, na machozi yake ni ya kweli, nimeyaona, usiyapime. Usimwambie nimekuandikia. Mkaribishe, mpe kiti, mpe maji, mwambie baba yuko njiani, kisha mtume mwanao mkubwa kwa jirani apige namba niliyoiandika nyuma ya bahasha. Ni ya yule afisa. Akiuliza kuna chakula gani, sema jiko limezimika. Nakuomba kwa jina la mama yetu, usimpikie.

Na baba mweleze taratibu. Mwambie gazeti aendelee kulisoma. Miwani ile ni nzuri, kosa si la vioo.

Kesho asubuhi tunasafiri, mimi na mwenzangu na yule afisa, kwenda kwa wale wazee. Afisa anataka wasikie kwa vinywa vyetu. Nimekuwa nikilifikiria lile lango lao tangu asubuhi. Mama alitufundisha salamu za kila aina, za asubuhi na za jioni, za mgonjwa na za mfiwa, za anayetoka safari na za anayekwenda. Nimezipitia zote, na sijapata ya kuwapa watu wale watakapofungua mlango.

Mfikishie baba shikamoo yangu. Wabusu watoto, na goti ulisugue mafuta ya moto kabla ya kulala. Mungu akinijalia kurudi, nitakaa kwenu siku nyingi na nitawachosha kwa maneno.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku